Demensia Mahali pa Kazi

Demensia, yaani hali ya ubongo kudhoofika hatua kwa hatua hadi kuathiri kumbukumbu, lugha na uwezo wa kufanya uamuzi, huhesabiwa na wengi kuwa sehemu ya uzee, ilhali inaweza kuanza kabla ya miaka 65, mtu angali kazini. Mhasibu hodari anayeanza kukosea hesabu alizozizoea huonekana mzembe na kupewa barua ya onyo, jambo ambalo ni dhuluma hata lisipokusudiwa. Hatua ya kwanza inayofaa ni uchunguzi wa daktari, kwa kuwa upungufu wa vitamini B12, udhaifu wa tezi ya shingo na sonona, yaani huzuni ya kudumu iliyo ugonjwa, huweza kuleta dalili zinazofanana na hizo, na hutibika. Demensia ikithibitika, maelekezo ya maandishi, kazi moja kwa wakati mmoja na meza iliyo mbali na kelele huweza kumsaidia mfanyakazi kuendelea kwa muda, mradi siri yake itunzwe na ridhaa yake iombwe. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu; hivyo waajiri wanaombwa kumsikiliza mfanyakazi na daktari wake kabla ya kuandika barua ya kumwachisha kazi.