Kolandoto: Mji Unaposogea Kwenye Ngitili

Kolandoto, kata ya pembezoni mwa Manispaa ya Shinyanga inayojulikana zaidi kwa hospitali yake ya misheni, kiutawala ni sehemu ya mji, ingawa jembe na ng'ombe bado ni tegemeo la kaya nyingi. Kwa hiyo, namna ya kuifanya iwe endelevu, yaani ikidhi haja za wakazi wa leo bila kuwapokonya wajukuu wao maji, malisho na miti, si suala la kuamuliwa kwa ramani ya viwanja pekee.

Shinyanga imewahi kukabiliwa na suala la namna hiyo. Tangu enzi za ukoloni misitu yake ilifyekwa, kwanza ili kuangamiza mbung'o, kisha kupisha mashamba ya pamba, na mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ambao mwanzoni ulitegemea vitalu vya miche vya wataalamu. Mafanikio makubwa yalikuja wataalamu walipokubali kuwasikiliza wakulima na wafugaji wa Kisukuma, waliochagua ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili nyasi na miti ichipue, kisha likafunguliwa kiangazi kinapokolea. Hadi mradi ulipomalizika mwaka 2004, inakadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimehifadhiwa kwa njia hiyo, chini ya sheria ndogo za dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, na ulinzi wa sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini.

Hatari ya sasa kwa Kolandoto ni kwamba mpima viwanja huweza kuiona ngitili kuwa ardhi tupu inayosubiri nyumba. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wenye ardhi na wadau wengine washirikishwe, lakini mkutano unaoitishwa baada ya mistari kuchorwa huwa wa kupokea taarifa tu, na pengine posho. Mkutano mkuu wa mtaa ungepaswa kutangulia, uamue ni ngitili zipi zibaki maeneo ya wazi na mapito ya mifugo yaelekee wapi. Hata hivyo, dagashida kwa desturi lilikuwa baraza la wanaume, ilhali kuni na maji ni kazi ya wanawake, na mkutano utakaoliiga kwa kila kitu utaandika maoni ya nusu ya wakazi.