Bei ya Umeme Ipimwe Mbele ya Watu



Mwaka 2016 TANESCO iliomba kupandisha bei ya umeme kwa asilimia 18.19. EWURA, chombo cha Serikali kinachopima bei hizo, ikakubali asilimia 8.5. Waziri akaizuia kabla haijaanza kutozwa tarehe 1 Januari 2017.

Tulishangilia, maana mnunuzi wa umeme hana duka la pili la kukimbilia. Lakini amri ya mkubwa huzuia bei tu; haitufungulii vitabu vya hesabu. Sheria ya EWURA ya 2001 yataka wananchi wasikilizwe kabla bei haijabadilishwa. Basi mkutano wa maoni ukiitishwa, twendeni tukaulize: gharama hizi zimetoka wapi? Tusipokwenda, atasikilizwa muuzaji peke yake.