Kilio cha Nchi katika Vinywa vya Manabii

(Mazungumzo yaliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani siku ya kukutana kwetu)

Ndugu Mwenyekiti, Mkuu wa Shule, Walimu, wenzangu tuliosoma hapa, nanyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na madirisha kama tulivyokuwa tukikaa sisi:

Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya jambo lolote la manufaa. Mimi ni ofisa wa misitu, na huenda mlitazamia habari za vitalu vya miche. Nimechagua manabii wa Waebrania. Wenzangu Waislamu wasihofu, sikuja kuhubiri. Nimekuja kukiri kosa, na manabii hao ndio walionionyesha ukubwa wake.

Nilipokuwa mgeni kazini nilitumwa kuchunguza kijito kilichokauka. Nilipanda mpaka kwenye chanzo, nikakuta mlima umenyolewa, na mahali pa msitu pana shamba la mtu mmoja mwenye uwezo na marafiki wakubwa. Nikarudi, nikaandika kwamba kijito kimekauka kwa upungufu wa mvua. Haukuwa uongo mtupu, maana mwaka huo mvua ilikuwa haba kweli. Siku wanakijiji waliposomewa taarifa, mzee mmoja alisimama akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, na ile miti, imekatwa na mvua?" Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Usiku ule nilikumbuka somo la Maarifa ya Biblia tulilofundishwa katika jengo lile pale, tukikariri majina ya manabii kwa ajili ya mtihani tu. Nikaanza kuwasoma upya, safari hii kwa macho ya mtu wa misitu.

Nilianza na Amosi, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi. Alitoka Tekoa, kusini ya Yerusalemu, mpakani mwa jangwa, akichunga mifugo na kutunza mikuyu. Mkuyu huo ndio huu huu wetu wa kando ya mito. Kwao matunda yake yalichanjwa ili yaive. Katika karne ya 8 kabla ya Kristo alikwenda ufalme wa kaskazini, enzi ya Yeroboamu wa Pili, akakuta matajiri wamelala juu ya vitanda vya pembe za ndovu. Wachimbaji wa mambo ya kale wamevipata huko Samaria vipande vya pembe za namna hiyo, na mwaka 1910 walipata vigae vilivyoandikwa hesabu za divai na mafuta yaliyopelekwa mjini. Hesabu hizo ni kavu kama zetu za ofisini. Amosi ndiye aliyeuliza ni nani aliyekamuliwa.

Hosea, karibu wakati uleule, aliingia ndani zaidi. Anaanza kwa orodha kama ya mahakamani: uongo, mauaji, wizi, uzinzi. Halafu, bila kupumua, anasema kwamba kwa sababu hiyo nchi yenyewe imeingia msibani, na wakazi wake wananyauka, pamoja na wanyama, kisha ndege, mwisho samaki. Vijana, tazameni mpango huo. Katika sura ya kwanza ya Mwanzo samaki na ndege wanatangulia, kisha wanyama, kisha binadamu. Hosea amekwenda kinyumenyume: uumbaji unafumuliwa kama mkeka. Na Kiebrania humwita mtu adam, na udongo adamah. Ukiumiza mmoja huwezi kusema hukumgusa mwenzake.

Isaya, huko Yuda, aliwashambulia waliounganisha shamba na shamba mpaka wengine wakakosa pa kukaa. Adhabu aliyoitaja ni ya kilimo: kwa vipimo vyetu, mtu apande madebe 10 avune debe 1. Bwana shamba yeyote aliyemo humu anajua maana ya hesabu hiyo.

Lakini aliyenishika zaidi ni Habakuki. Wafalme wa Ashuru na Babeli walijisifu kwa kukata mierezi ya Lebanoni. Nebukadneza alichonga sifa hizo juu ya mwamba katika bonde la Brisa, na maandishi yake yapo hadi leo. Habakuki anamfungulia mvamizi mashtaka, na katika hati moja anaweka damu ya watu, ukatili uliotendewa Lebanoni, na maangamizi ya wanyama. Hakuvitenga katika majalada matatu. Mimi nilikuwa nimevitenga: mvua katika jalada langu, shamba la bwana mkubwa katika jalada la mtu mwingine, ambalo halikufunguliwa.

Sitaki kuwafanya manabii mabwana misitu. Hawakujua habari za hewa ukaa. Kwao Mungu ndiye azuiaye mvua. Wala singethubutu kumwambia mkulima aliyekosa mavuno kwamba ametenda dhambi, kwa maana aghalabu anayelia njaa siye aliyeunyoa mlima. Yeremia alilisumbukia jambo hilo. Katika habari zake za ukame watumishi wanarudi na mitungi mitupu, paa anamwacha mtoto aliyemzaa kwa kukosa majani, na punda-mwitu wanahema juu ya vilima. Paa huyo amekosa nini? Yeremia alimwuliza Mungu mwenyewe nchi italia mpaka lini kwa uovu wa wakazi wake. Jibu alilopewa ni kwamba magumu zaidi yanakuja.

Taarifa yangu ya kwanza bado imo jaladani. Niliandika ya pili, nikataja shamba na ekari zake. Ilinipatia uhamisho kwenda wilaya ya mbali, na mke wangu, aliyekuwa amepata kazi pale, alikuwa na maneno yake juu ya manabii. Baada ya miaka kadhaa chanzo kilipimwa na kuwekewa mipaka. Maji hutiririka miezi michache, si mwaka mzima kama zamani. Yule mzee hakuyaona, alikuwa ameshafariki. Wanawe walinipa nafasi ya kupanda mikuyu miwili pale juu, na nilipopita mwezi uliopita ilikuwa imenizidi kimo.

Ndugu Mwenyekiti, naona mwalimu wa zamu anatazama saa. Niko tayari kwa maswali, nikianza na wale wa madirishani.