Mawese ndani ya mashini: maneno yetu kwenye mkutano wa Nyangwe



Mnajua wote kilichotupata. Mazuti ilikosekana, mihogo ikajaa mlangoni, nasi tukamwaga mawese mabichi ndani ya mashini ya kusaga. Siku za kwanza ilikohoa ikasaga, tukafurahi. Halafu ikazimika. Fundi alipofungua enjekteri, ile inayopuliza mazuti ndani ya silinda, alikuta masizi magumu kama lami. Wamama wakarudi kwenye kinu na mchi. Kosa ni letu sisi wa ofisi.

Mashini ya dizeli yenyewe haikatai mafuta ya mimea. Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, moja ilitembea kwa mafuta ya karanga. Shida ni uzito: mawese yanapita mazuti kwa uzito wa kutiririka zaidi ya mara 10, na asubuhi ya baridi yanaganda, kila mama anajua. Hayapulizwi vizuri, hayaungui yote. Dawa yake ni ya zamani. Mwaka 1937 Profesa G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipata hati ya uvumbuzi ya kugeuza mafuta ya mimea kwa alikoli, na 1938 basi la abiria likatembea kati ya Brussels na Louvain kwa mawese yaliyogeuzwa. Mawese, ndugu! Na sisi huku tunangojea mazuti.

Kazi iko hivi. Lita 100 za mawese yaliyochujwa na kutolewa maji zinapashwa moto kadiri, zinatiwa metanoli karibu lita 20 na soda kali iliyopimwa. Unakoroga, unaacha itulie. Gliserini inashuka chini, juu yanabaki mafuta mepesi, ambayo yanaoshwa na kukaushwa. Mawese yaliyokaa siku nyingi hayafai, yana asidi, yatawapa sabuni. Yale mepesi, lita 20 kwa lita 80 za mazuti, yanaingia bila kubadilisha mashini. Moshi mweusi unapungua, na wanaoshinda ndani ya kile kibanda wanajua maana yake. Ila mwanzoni yanang'oa uchafu wa tangi na chujio linaziba. Tuwe na la akiba.

Kinachotutisha ni metanoli. Inafanana na maji, inanuka pombe, moto wake mchana hauonekani vizuri. Mtu akiinywa anapofuka au anakufa. Hapa kwetu lutuku inajulikana, tusijidanganye: bidoni ikiachwa wazi, kuna atakayeonja.

Tena mawese ni chakula. Mwezi ambao hayatoshi kwenye chungu cha sombe, mashini itumie mazuti tupu, au inyamaze.

Wafadhili, msitume metanoli kwanza. Tumeni fundi wa kutufundisha, glavu, miwani, na sanduku la chuma lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja tutakaa nao ofisini. Wa pili ukae kwa wamama wanaosaga, wamchague wenyewe wa kuushika.