Maji ya Mufindi na Hifadhi ya Ruaha
Hotuba iliyotolewa Igowole katika sherehe za miaka kumi ya Chama Kikuu



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Pengine yuko mwanachama anayejiuliza: mkulima wa chai na mahindi wa Igowole ana shauri gani na viboko ambao hajapata kuwaona? Shauri lipo, nalo ni maji.

Hifadhi ile ilitengwa mwaka 1964 kutoka katika Pori la Akiba la Rungwa, iwe mali ya umma, na wageni waje kutazama wanyama. Uhai wake ni mto Ruaha Mkuu. Mto huo hutoka katika kinamasi cha Ihefu, huko Usangu, ukipita juu ya kizingiti cha mwamba kiitwacho Ng'iriama. Maji ya kinamasi yakishuka chini ya kizingiti hicho, mto husimama. Na mmojawapo wa mito inayokijaza kinamasi ni Ndembera, ambao chanzo chake kimo humu humu Mufindi.

Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi. Viboko husongamana katika madimbwi ya tope, na samaki hufa. Wako waliowalaumu wafugaji; mimi naona mifereji ya mashamba, inayochukua maji wakati wa kiangazi na kuyaacha yapotee bure, ndiyo iliyoumiza zaidi. Mwaka 2006 wafugaji wengi waliondolewa Usangu pamoja na ng'ombe wao, na mwaka 2008 bonde likaunganishwa na Hifadhi. Sisi wakulima twajua uchungu wa kuhamishwa mahali ulipozika wazee wako.

Kwa hiyo nawasihi tuanze wenyewe, kabla hatujaanzwa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 hailegei juu ya zile meta 60 za kando ya mto. Najua neno hili ni gumu, kwani vinyungu ndivyo vitupatiavyo mboga na karo wakati wa kiangazi. Naomba kila chama cha msingi kilizungumze katika mkutano wake: vinyungu vipi vihamishwe, na mwenye kuhama apewe wapi pa kulima. Milingoti iliyopandwa vijitoni nayo isisahauliwe.

Mimi pia ninacho kinyungu, tena kiko karibu na maji kuliko ifaavyo. Nitakihamisha mara nitakapokwisha kuvuna maharage yaliyomo.