Nguo za Msituni



Wazee wetu, ndugu zangu vijana, baridi ya huku Meru na Embu mnaijua. Sasa fikirieni wale wa Mau Mau waliolala msitu wa Mlima Kenya. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Wanavijiji wakalazimishwa kuchimba handaki kando ya msitu, chakula na nguo visipite. Nguo zikararuka. Wakafanyaje? Waliwinda, wakakausha ngozi za pongo, wakashona makoti na kofia. Akina Field Marshal Musa Mwariama wa huku Meru walibaki humo mpaka uhuru wa 1963.

Kwa nini nasema haya? Mwaka jana mtoto mmoja wa madrasa yetu aliacha kuja darsa ya alfajiri. Hana sweta, na koti la mamake wenzake walilicheka. Nami nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Allah anisamehe.

Nyanya yangu aliposikia hakunigombeza. Alitoa sweta kuukuu, akaniambia, "Fumua." Usichukue iliyokatwa kwa mkasi, utapata vipande tu. Uzi ukaoshwa, ukaanikwa na jiwe chini ili unyooke. Sindano? Spoki mbili za baiskeli, ncha zimesuguliwa kwenye jiwe. Nilifuma wiki tatu, mkono mmoja ukatoka mrefu kuliko mwenzake. Mtoto aliivaa, akarudi.

Basi kabla ya Idd, kila mmoja alete sweta asiyoivaa. Spoki ninazo.

Wabillahi tawfiq.