Kulakiwa Njiani

(Mazungumzo ya asubuhi katika redio)

Popote ulipo asubuhi hii, ikiwa uko jikoni unachochea moto, au uko njiani kwenda kazini, au umelala kitandani kwa ugonjwa, twakusalimu. Leo twataka utufuate katika safari ya siku moja. Tuliifanya sisi na mama watoto, pamoja na watoto wetu wawili, mvulana wa miaka 14 na msichana wa miaka 9. Ilikuwa mwezi wa Septemba 2024, katika nchi ya Italia.

Kanisa dogo la Waafrika mjini Napoli lilikuwa limetualika kuhubiri kwa majuma mawili, na marafiki wakatusaidia nauli. Majuma hayo yalipokwisha ilitupasa kwenda Roma, ule mji wa Rumi wa Maandiko, ili tupande ndege ya kurudi nyumbani. Treni ya kasi hufika kwa muda wa saa moja na dakika chache. Lakini dada mmoja Mkenya aliyeolewa huko akatuambia, "Mchungaji, usiwasafirishe watoto hawa kama mizigo. Mimi nina gari. Twendeni polepole kwa njia aliyopita Mtume Paulo, nao wapate siku ya kukumbuka." Tukakubali kwa furaha.

Tulianzia Pozzuoli, mji wa pwani karibu na Napoli. Huo ndio Puteoli tuusomao katika mlango wa mwisho wa Matendo ya Mitume. Zamani ilikuwa bandari kubwa, na merikebu za nafaka kutoka Iskanderia ya Misri zilitia nanga hapo. Paulo alishuka hapo yapata mwaka 60. Alikuwa mfungwa aliyeokoka katika bahari iliyochafuka, naye alikuwa chini ya ulinzi wa akida Yulio. Akawakuta ndugu wa imani, nao wakamsihi akae kwao siku saba.

Nchi ya Pozzuoli ina ajabu yake. Chini yake kuna moto wa volkeno, na ardhi huinuka na kushuka kama kifua cha mtu anayepumua. Katika magofu ya soko la kale zimesimama nguzo tatu za marumaru. Juu sana, kupita kimo cha mtu, zina matundu yaliyotobolewa na kombe wadogo wa baharini. Maana yake ni kwamba mahali pale palizama baharini, kisha pakainuka tena. Kati ya mwaka 1982 na 1984 ardhi iliinuka karibu mita 1.8, na watu kama 40,000 wakahamishwa. Tangu 2005 imekuwa ikiinuka tena. Mvulana wetu alitazama zile nguzo akauliza, "Baba, mbona watu bado wanakaa hapa?" Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu akacheka yule dada alipomtafsiria swali hilo. Akajibu kwamba ni kwao, na majirani zake wako hapo. Tukaona kwamba mtu aweza kuvumilia nchi inayotikisika ikiwa ana jirani wa kumshika mkono.

Kutoka hapo tulifuata barabara ya pwani kuelekea kaskazini, bahari ikiwa upande wa kushoto, hata tukafika Castel Volturno. Waafrika wengi hukaa hapo, hasa kutoka Ghana na Nigeria. Wengi wao hufanya vibarua vya mashamba na ujenzi. Mwezi wa Septemba 2008 wauaji wa genge liitwalo Camorra waliwapiga risasi Waafrika sita wakafa. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule Miriam Makeba, yule mwimbaji wa Afrika Kusini ambaye wazee wetu walimpenda, alikwenda kuimba hapo katika tamasha la kupinga uovu huo. Alikuwa na umri wa miaka 76, wala afya yake haikuwa nzuri. Alipomaliza kuimba alizidiwa, na usiku ule akafariki. Tulisimamisha gari kidogo, tukawaeleza watoto habari hiyo. Mama watoto akasema, "Mama yule hakungoja hao wageni wamfuate penye majumba makubwa. Aliwaendea." Neno hilo likatuchoma moyoni, na sasa tutawaambia kwa nini.

Mjini Roma alikuwako ndugu yetu mdogo, wa tumbo moja. Kwetu ni Taita. Yeye alishuka Malindi akiwa kijana, akafanya kazi katika hoteli ambazo Waitalia hupenda kufikia, akajifunza lugha yao, kisha akavuka bahari. Baba yetu alipofariki, miaka sita kabla ya safari hii, yeye hakuja mazishini. Wala hakueleza sababu. Sisi kama mkubwa tulikasirika mno. Tangu siku ile hatukusema naye ila kwa salamu fupi za Krismasi. Na mwaka hadi mwaka tulipanda mimbarani kuwahubiria watu juu ya kusameheana.

Basi kila tulipozidi kukaribia Roma, moyo ulizidi kuwa mzito. Maneno ya kumwambia tulikuwa tumeyatayarisha. Tulikusudia kumketisha chini, tumhesabie makosa yake moja moja, na akikubali ndipo tumsamehe.

Tukapita Formia, tukapanda na kushuka vilima vya mizeituni, tukaifuata njia iitwayo Appia. Hiyo ni barabara ambayo Warumi walianza kuijenga mwaka 312 kabla ya Kristo, na mwaka 2024 ilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Tulipofika Terracina, mji ulio kando ya bahari chini ya jabali refu, ilikuwa karibu saa sita za mchana. Watoto walilia njaa. Harufu ya samaki wa kukaanga ilitoka katika kila mlango. Lakini mama watoto akasema, "Vumilieni kidogo, tutakula mbele." Tulimshangaa, kwa maana si desturi yake kuwaacha watoto na njaa.

Baada ya Terracina njia huiacha bahari, ikanyooka kama uzi uliovutwa katika uwanda mpana. Misonobari imesimama kandokando yake, na mfereji wa maji waifuata. Uwanda huo zamani ulikuwa kinamasi. Mshairi Horace, aliyeishi kabla ya Paulo, alipita hapo akalalamikia mbu na vyura waliomnyima usingizi. Hata neno malaria tulitumialo limetoka katika lugha ya Kiitalia, nalo maana yake ni hewa mbaya. Watu walikufa hapo karne baada ya karne, mpaka kinamasi kilipokaushwa, kazi iliyofanyika hasa katika miaka ya 1930. Leo ni mashamba ya mboga na nyati wa maziwa, na tuliwaona Wahindi wa Punjabi wakienda kazini kwa baiskeli.

Katikati ya uwanda huo kipo kijiji kiitwacho Borgo Faiti. Ndipo palipokuwa Soko la Apio la Maandiko. Dada yetu akapunguza mwendo. Tukaona mtu amesimama penye kivuli, kando ya mfereji, ana kapu mkononi. Binti yetu, ambaye alimjua kwa picha tu, akapiga kelele, "Baba mdogo!"

Ndugu zangu, alikuwa yeye. Alitoka Roma alfajiri kwa treni, kisha akapanda basi, akatungoja hapo tangu saa nne. Mama watoto alikuwa amempigia simu bila sisi kujua. Alimwambia tu siku na njia tutakayopita. Mahali pa kukutana alichagua mwenyewe.

Tukashuka garini. Yale maneno yetu yaliyotayarishwa hatukuyaona tena. Alikuwa amekonda, na mvi zimeanza. Akasema, "Shikamoo, kaka." Tukaitikia, tukamkumbatia. Kisha akafungua kapu. Alikuwa amepika chapati usiku, akazifunga katika kitambaa, pamoja na jibini la maziwa ya nyati na matunda. Tukaketi majanini tukala.

Tulipokwisha kula tukamwuliza kwa nini alikuja mpaka hapo, na sisi jioni tungefika Roma. Akajibu, "Kaka, umesahau? Baba alikuwa akitusomesha safari ile ya Paulo kwa zamu, taa ya chemni ikiwa mezani. Mimi nilikuwa nikipewa mlango wa mwisho kwa sababu nilikuwa mdogo, na maneno yake ni machache. Nilipofika nchi hii sikuwa na karatasi za kukaa. Nilivuna mboga katika mashamba haya miaka miwili. Siku moja nikasikia kwamba hapa ndipo lilipokuwa Soko la Apio. Nikakaa pale mferejini nikalia, kwa maana mimi hakuna aliyekuja kunilaki."

Akatueleza kwamba wakati wa msiba karatasi zake zilikuwa bado serikalini. Kama angetoka, asingeweza kurudi. Naye aliona haya kutuambia, kwa sababu miaka yote alituandikia kwamba mambo yake ni mazuri. Kisha akasema neno ambalo hatutalisahau. "Mtu mmoja alinitumia mazishi ya baba kwa simu. Nikasikiliza historia ya marehemu ikisomwa. Nikahesabu majina ya watoto. Nilidhani labda simu imekatika, nikarudia tena."

Simu haikukatika. Sisi ndio tulioandika historia ile. Baba yetu alizaa watoto watano, na kwa hasira tukaandika wanne. Mtumishi wa Mungu, mwenye kola shingoni, alimfuta ndugu yake mbele ya kaburi la baba yao. Tulikuwa tumesafiri kwenda kumsamehe mtu, kumbe tulikuwa twahitaji kusamehewa. Tukamwomba radhi pale pale, mbele ya mke wetu na watoto wetu. Hakutujibu upesi. Alitazama maji ya mfereji kwa kitambo kirefu, kisha akasema, "Tukifika nyumbani siku moja, utalisoma jina langu pale kaburini." Tukaahidi.

Mpenzi msikilizaji, fikiri habari za Paulo. Alikuwa mtume mkuu. Miaka kama mitatu kabla ya siku ile alikuwa amewaandikia Wakristo wa Rumi waraka mrefu wenye mafundisho mazito. Twaweza kudhani kwamba mtu kama huyo hakuhitaji kutiwa moyo na mtu awaye yote. Lakini alikuwa amechoka, amefungwa, hajui Kaisari atamhukumu nini, wala watu wa Rumi watampokea namna gani. Ndipo akawaona watu wanakuja. Wengine walitembea yapata kilomita 50 mpaka Mikahawa Mitatu, na wengine kama kilomita 65 mpaka Soko la Apio. Hatusomi kwamba walihubiri hotuba yo yote. Luka hakutuandikia hata majina yao. Walikuja tu, naye alipowaona alimshukuru Mungu na moyo wake ukapata nguvu.

Ndugu, mtu mwenye aibu huogopa mlango. Mwana aliyepotea, msichana aliyeharibikiwa, jirani uliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba, mtu aliyetoka gerezani, wote hao waweza kufika karibu na nyumba yako wakageuka nyuma, kwa sababu hawajui uso utakaowafungulia. Ukingoja mpaka wapige hodi, huenda hawatapiga. Toka. Nenda mpaka kituo cha basi. Piga simu ile leo, kabla ya chakula cha mchana. Na usidhani sikuzote wewe ndiwe mwenye kusamehe. Pengine yule unayemwendea ana hesabu yake, na jina lako limo.

Jioni ile tulipita karibu na mahali pa Mikahawa Mitatu, tukapanda vilima, tukaona taa za Roma zinawaka. Mtoto wetu wa kike alikuwa amelala mapajani mwa baba yake mdogo. Mwezi wa Aprili 2025 ndugu yetu alikuja nyumbani, mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Tulikwenda naye kaburini, sisi sote watano, tukasoma majina.

Tuombe. Ee Bwana, wewe hukutungoja mbinguni mpaka tuwe wema, bali ulitoka ukaja kutulaki tungali mbali. Utupe miguu ya kuwaendea ndugu zetu, na ulimi wa kukiri makosa yetu wenyewe. Uwatie nguvu wote walio ugenini asubuhi hii, wasio na mtu wa kuwapokea. Kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Bwana akubariki, ndugu msikilizaji, na siku yako iwe njema.